Kisima kinachotoa kutu, na vijidudu vinavyopumua chuma

Ndugu wasikilizaji, wako miongoni mwenu wanaochota maji katika kisima cha pampu ambacho kina tabia moja ya ajabu. Maji yakitoka pampuni ni maangavu kabisa, ukiyatia katika glasi huoni kasoro yoyote. Lakini ndoo ikikaa uani tangu asubuhi hadi mchana, maji yale hubadilika. Juu hutanda utando unaong'aa mithili ya mafuta, na chini hukusanyika unga mwekundu wa kutu. Nguo nyeupe zikifuliwa kwa maji hayo hupata madoa ya manjano yasiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Chai ikipikwa huwa nyeusi kama wino. Wananchi husema maji yao yana chuma, na wengine huwalaumu mafundi kwamba walifunga mabomba mabovu.

Lawama hiyo wakati mwingine ni ya haki, kwa maana bomba la chuma huoza. Lakini mara nyingi kutu ile haikutoka bombani. Ilikuwa imeyeyuka ndani ya maji tangu huko chini ardhini, na aliyeiyeyusha ni kiumbe hai, mdogo asiyeonekana kwa macho matupu. Kiumbe huyo ni bakteria ambaye hutumia chuma kupumua, kama mimi na wewe tunavyotumia oksijeni. Na anao wenzake wanaopumua manganizi, wengine urani, wengine arseniki, ambayo ni sumu inayojulikana tangu zama za kale.

Nawaomba msidhani kwamba nataka kuwasimulia maajabu ya kupitishia wakati. Kutokana na pumzi ya viumbe hawa, mamilioni ya watu nchini Bangladesh walikunywa sumu kwa miaka mingi, tena kutoka visima vilivyochimbwa kwa nia njema kabisa ya kuwaokoa. Ndiyo maana nimeona leo tulizungumzie jambo hili kwa kirefu.

Hebu tuanze na swali ambalo linaonekana la kitoto: kupumua ni nini? Shuleni tulifundishwa kwamba tunavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Hilo ni sahihi, lakini halijatueleza oksijeni ikifika mwilini inafanya kazi gani.

Bila shaka mmewahi kuwaona vibarua wakimwaga zege la ghorofa. Hujipanga mstari tangu chini hadi juu, na karai la zege hupita mkono kwa mkono. Mstari huo unamtegemea sana mtu wa mwisho, yule aliye juu, ambaye hulipokea karai na kulimwaga. Siku akiondoka pale bila mtu wa kushika nafasi yake, karai la kwanza litakwama mikononi mwa jirani yake, la pili litakwama kwa anayefuata, na punde mstari mzima utakuwa umesimama, ijapokuwa chini kuna rundo kubwa la zege linalosubiri.

Ndivyo ilivyo ndani ya mwili. Chakula kinapovunjwavunjwa hutoa chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni. Chembe hizo hupokezanwa na protini moja hadi nyingine, kama karai. Tofauti ni kwamba elektroni hazipandi bali huteremka, kama maji yanayoteremka na kuzungusha kinu, na kila zinapoteremka hatua moja mwili hupata nguvu. Mwishoni mwa mstari yupo mpokeaji, naye ni oksijeni. Huyo ndiye anayezichukua elektroni zilizokwisha kazi. Mtu aliyezama majini hafi kwa njaa, kwani chakula tumboni na katika damu bado kipo. Anakufa kwa sababu mpokeaji wa mwisho hayupo na mstari umesimama.

Sasa basi, swali linalofuata ni hili. Je, mpokeaji lazima awe oksijeni? Kwa binadamu, ng'ombe, samaki na mbuyu, jibu ni ndiyo. Kwa bakteria wengi, la hasha. Chini ya tope la ziwa, au ndani ya mchanga uliofukiwa mita nyingi ardhini, oksijeni huisha upesi. Bakteria waishio huko wamejipatia wapokeaji wengine. Wako wanaotumia nitrati. Nitrati ikiisha, hutumika manganizi, kisha chuma kilicho katika kutu, kisha salfati, na mwisho kabisa hewa ukaa, ambayo hugeuzwa kuwa gesi ya methani. Utaratibu huo haukupangwa ovyo. Kila mpokeaji anayefuata humpa bakteria faida ndogo kuliko aliyetangulia, na wale wanaopata faida kubwa zaidi ndio wanaostawi kwanza.

Wasikilizaji wa mwambao wanalijua tope jeusi la mikokoni na harufu yake ya yai viza. Harufu ile ni ya bakteria wanaopumua salfati ya maji ya bahari. Kwa hiyo kama umewahi kuzama hadi magotini ukitafuta kaa, basi umekwisha kutembelea makazi ya viumbe wasiohitaji hewa yetu.

Habari za nitrati na salfati wataalamu walizijua zamani. Habari za chuma zilichelewa, kwa sababu wengi waliamini kwamba chuma kinachoyeyuka topeni huyeyushwa na kemia ya kawaida tu, na kwamba vijidudu havina mkono wa moja kwa moja. Imani hiyo ilivunjwa katika miaka ya 1980 na Wamarekani wawili waliofanya kazi kila mmoja mahali pake.

Wa kwanza ni Derek Lovley, wakati huo akiwa katika Shirika la Jiolojia la Marekani. Mwaka 1987 alipata bakteria katika tope la Mto Potomac, mto unaopita kando ya Washington. Bakteria huyo alikula mabaki ya viumbe na kutoa elektroni zake kwa chuma. Baadaye alipewa jina la Geobacter. Wa pili ni Ken Nealson, ambaye alishughulika na Ziwa Oneida katika jimbo la New York. Kilichomvuta huko ni hesabu isiyokubali: wakati wa kiangazi manganizi ya ziwa lile iliyeyuka kwa kasi ambayo kemia ya kawaida haikuweza kuieleza. Lazima kulikuwa na kitu kinachoiharakisha. Mwaka 1988 yeye na mwenzake Charles Myers walimtangaza bakteria anayefanya kazi hiyo, ambaye leo anaitwa Shewanella oneidensis, kwa heshima ya ziwa lenyewe.

Lakini hapo palizuka kitendawili. Oksijeni ni hewa, hujipenyeza hadi ndani ya seli. Nitrati na salfati huyeyuka majini, nazo huingia. Kutu ni jiwe. Bakteria hawezi kumeza jiwe. Sasa anapumuaje kitu ambacho hakiwezi kuingia mwilini mwake?

Jibu ni kwamba yeye hakiingizi, bali huzipeleka elektroni zake nje. Anazo protini zenye chembe za chuma ndani yake, ziitwazo saitokromu, za ukoo mmoja na zile zinazofanya kazi ndani ya seli zetu sisi. Kwetu sisi protini hizo zimefichwa ndani. Kwa bakteria hawa zimepangwa kuanzia ndani, zikapenya ukuta wa seli, hadi zikatokeza nje na kuligusa jiwe. Shewanella huweza pia kutoa nje kemikali za jamii ya vitamini B2, ambazo hubeba elektroni hadi kwenye jiwe na kurudi kuchukua nyingine, kama tarishi. Naye Geobacter ana nyuzi. Mwaka 2005 kundi la Lovley lilitangaza kwamba bakteria huyo ana nyuzi nyembamba ajabu zinazopitisha umeme. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi juu ya nyuzi hizo zimefanywa kwa kitu gani, na mwaka 2019 uchunguzi wa darubini zenye nguvu kubwa ulionyesha kuwa nyuzi zilizochunguzwa zilikuwa ni saitokromu zilizoungana moja baada ya nyingine, kama shanga.

Kwa ufupi, kiumbe asiye na macho wala mikono hutandaza nyaya zake za umeme hadi kwenye jiwe na kulipumua.

Kutu iliyopokea elektroni hubadilika tabia. Chuma kilichokuwa kigumu huyeyuka na kuingia majini, nayo maji huonekana maangavu. Hayo ndiyo maji yanayotoka pampuni asubuhi. Yakifika juu hukutana na oksijeni ya hewa, oksijeni hunyang'anya zile elektroni, na chuma hurudi kuwa kutu ndani ya ndoo yako. Kile unachokiona mchana ni pumzi ya bakteria ikigeuzwa kinyume.

Mlango huo ulipofunguka, wataalamu walianza kujiuliza: kama vijidudu hivi vinaweza kupumua chuma, vinaweza kupumua nini kingine? Mwaka 1991 Lovley na wenzake walionyesha kwamba baadhi yao huweza kutumia urani. Habari hii ilipokewa kwa shauku, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Urani ikiwa katika hali moja huyeyuka na kusafiri na maji ya ardhini. Ikipokea elektroni huganda na kubaki pale ilipo. Kwa hiyo bakteria anayepumua urani huiondoa majini.

Jambo hilo lilijaribiwa mahali paitwapo Rifle, katika jimbo la Colorado huko Marekani, kando ya Mto Colorado, palipokuwa na kiwanda cha zamani cha kusafisha urani. Kiwanda kilikwisha kuondoka, lakini maji ya ardhini yalibaki na urani. Mwaka 2002 wataalamu waliingiza ardhini asetati, jamaa wa karibu wa siki, iwe chakula cha bakteria. Geobacter wakazaliana kwa wingi, na ndani ya wiki chache urani iliyomo majini ikapungua sana. Hata hivyo mambo hayakwenda moja kwa moja. Chuma chepesi kupumuliwa kilipopungua, bakteria wa salfati walishika nafasi, na kazi ya kuondoa urani ikadorora. Isitoshe, urani iliyoganda haijaondoka ardhini. Oksijeni ikirudi huweza kuyeyuka tena. Dawa ipo, lakini inahitaji kulindwa kwa miaka. Nchi yetu nayo ina urani, kama kule Mto Mkuju wilayani Namtumbo, kwa hiyo somo la Rifle si la Wamarekani peke yao.

Sasa tuje Bangladesh.

Nchi ile ni ya maji. Mito mikubwa ya Ganges na Brahmaputra huipitia kabla ya kumwaga maji katika Ghuba ya Bengal. Lakini kwa vizazi vingi maji ya madimbwi na mito yaliua watoto wengi kwa kipindupindu na kuhara. Ndipo kuanzia miaka ya 1970 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, pamoja na wafadhili wengine, ilipowahimiza wananchi waachane na maji ya juu na kutumia ya chini. Bomba jembamba liliteremshwa mita kadhaa au makumi ya mita ardhini, juu ikafungwa pampu ya mkono, basi kisima kikawa tayari. Gharama ilikuwa ndogo kiasi kwamba familia nyingi zilijichimbia vyao. Visima vikawa mamilioni, na mpango huo ulihesabiwa kuwa mafanikio makubwa ya afya ya umma.

Maji yale hayakuwa na vijidudu vya kipindupindu. Hayakuwa na harufu wala ladha mbaya ya kumwonya mtu. Arseniki haikupimwa, kwa sababu wakati huo kuipima hakukuwa sehemu ya utaratibu wa kawaida wa visima.

Dalili za kwanza zilionekana ng'ambo ya mpaka, India, katika jimbo la Bengal Magharibi. Mwaka 1983 daktari wa ngozi wa mjini Kolkata, K. C. Saha, alipokea wagonjwa wenye madoa mwilini na viganja vilivyoota sugu ngumu kama za mahindi, akatambua kuwa ni sumu ya arseniki. Bangladesh yenyewe iligundua arseniki katika visima vyake mwaka 1993. Uchunguzi mkubwa uliofanywa na Idara ya Uhandisi wa Afya ya Jamii ya nchi hiyo pamoja na Shirika la Jiolojia la Uingereza, ambao taarifa yake ilitoka mwaka 2001, ulipima visima zaidi ya 3,500. Katika visima vifupi, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 za arseniki kwa lita, ambacho ndicho kiwango kilichowekwa na serikali ya huko. Ilikadiriwa kuwa watu milioni 35 walikuwa wakinywa maji yaliyozidi kiwango hicho. Na kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10, idadi ilifikia milioni 57. Mwaka 2000 Allan Smith wa Chuo Kikuu cha California na wenzake waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba historia haijapata kuona sumu iliyowaingia watu wengi kiasi hicho kwa pamoja.

Arseniki ya kiasi hicho haiui siku moja. Inakwenda taratibu. Ngozi hubadilika rangi, viganja na nyayo hukakamaa, na baada ya miaka mingi huweza kuja saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu cha mkojo. Vijijini wengi hawakujua chanzo. Walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza, hivyo wagonjwa walitengwa, na wasichana wenye madoa walikosa wachumba. Mtu alikunywa sumu kisha akahukumiwa kwayo.

Sumu hiyo ilitoka wapi? Wengi wangetazamia kusikia kwamba kuna kiwanda au mgodi uliomwaga uchafu. Hakuna. Arseniki ile ni ya asili. Kwa maelfu ya miaka mito iliteremsha mchanga na tope kutoka milima ya Himalaya. Kila punje ya mchanga ilivikwa kanzu nyembamba ya kutu, na arseniki ilishikamana na kutu hiyo, kwa kuwa kutu ina mshiko mkubwa sana kwa arseniki. Madamu kutu ilikuwa salama, arseniki nayo ilikuwa kifungoni, haimdhuru mtu.

Lakini mchanga ule ulifukiwa pamoja na majani, mizizi na mabaki mengine ya mimea. Oksijeni ikaisha. Bakteria waliokuwa humo walipata chakula tele, ila walikosa mpokeaji. Wakaigeukia ile kanzu ya kutu na kuipumua. Kutu ikayeyuka, na arseniki iliyokuwa imeishikilia ikaachwa huru majini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza, wakiongozwa na Jonathan Lloyd, walichukua udongo kutoka Bengal Magharibi na kuuweka bila oksijeni. Walipowapa bakteria asetati, chuma kilianza kupokea elektroni, na kisha arseniki ikafuata. Udongo uliouliwa vijidudu vyake haukutoa arseniki namna hiyo. Pia wako bakteria, wa kwanza akiwa ametangazwa huko Marekani mwaka 1994, ambao huipumua arseniki yenyewe, na kuigeuza iwe ya namna ambayo kwa kawaida ni sumu kali zaidi.

Angalieni, ndugu wasikilizaji, jinsi jambo hili lilivyo. Pumzi ile ile inayofunga urani kule Colorado ndiyo inayofungua arseniki kule Bengal. Geobacter huyo huyo anayeombwa msaada mahali pamoja, jamaa zake ni sehemu ya balaa mahali pengine. Vijidudu hivi si marafiki wala maadui. Vinatafuta mahali pa kuweka elektroni basi. Ni juu yetu sisi wenye akili kujua mahali tulipo, ardhi yetu ina nini, na tunapochimba tunachota nini.

Hapa sina budi kuweka tahadhari moja, hasa kwa vijana wanaopenda habari za sayansi. Mwaka 2010 huko Marekani ilitangazwa kwa kishindo kwamba katika Ziwa Mono, jimbo la California, amepatikana bakteria aliyejenga chembe zake za urithi kwa arseniki badala ya fosforasi. Habari ilienea duniani kote. Mwaka 2012 wataalamu wengine walirudia kazi hiyo na hawakuona jambo hilo, na mwaka 2025 jarida lililoichapisha, liitwalo Science, liliiondoa rasmi. Kwa hiyo msichanganye mambo mawili. Kupumua arseniki ni jambo lililothibitishwa mara nyingi, na katika ziwa hilo hilo bakteria wa namna hiyo wapo. Kujenga mwili kwa arseniki hakukuthibitishwa.

Nimesema visima vya Bangladesh vilichimbwa kwa nia njema. Mwananchi mmoja wa huko aliipeleka kesi mahakamani Uingereza, akilalamika kwamba wataalamu wa jiolojia wa Uingereza walipima maji ya nchi yake na kutoa taarifa mwaka 1992 bila ya kupima arseniki. Kesi ilifika hadi Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa ndilo mahakama ya mwisho, na mwaka 2006 ilitupwa. Mabwana majaji waliona kwamba taasisi ile haikuwa na wajibu wa kisheria kwa mlalamikaji, kwa kuwa haikuwa na mamlaka juu ya maji ya kunywa ya nchi hiyo. Mimi si mwanasheria, na sina la kuongeza juu ya hukumu hiyo. Lakini kama mwandishi wa habari naona kuna swali linalobaki. Mfadhili alitoa fedha, fundi alichimba, mtaalamu alipima yale aliyoombwa, na serikali ilihesabu visima. Kila mmoja alitimiza sehemu yake. Aliyekunywa ni mwanakijiji.

Ndiyo maana nimelileta jambo hili nyumbani. Sisi pia tunachimba visima kwa bidii, na ni vizuri, kwa sababu maji ya madimbwi yanaua. Lakini ardhi yetu ina siri zake. Watu wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua fluoridi, ambayo imewapaka meno rangi ya kahawia na wengine imewapinda mifupa. Katika maeneo ya dhahabu ya kanda ya Ziwa Viktoria, arseniki imekwisha kuonekana katika baadhi ya maji yaliyopimwa. Huko sababu kubwa si ile ya Bangladesh, bali ni miamba yenyewe, maana dhahabu na madini yenye arseniki mara nyingi hukaa pamoja katika mwamba mmoja. Mwamba ukivunjwa na kuachwa juani na mvuani, arseniki huweza kutoka. Njia ni tofauti, lakini kinachofika kikombeni ni kile kile.

Na wale wenye kisima cha kutu nisiwatie hofu bure. Kutu peke yake si sumu, na maji mekundu si ushahidi wa arseniki. Vile vile, na hili naomba mlisikie vizuri, maji maangavu si ushahidi wa usalama. Jicho haliwezi kupima arseniki, wala ulimi. Kuchemsha maji, ambako tunakuhimiza kila siku katika redio hii, kunaua vijidudu vya kipindupindu lakini hakuondoi arseniki wala fluoridi. Yakichemka sana maji hupungua na sumu hubaki ile ile katika maji machache. Kinachofaa ni maabara, na Wizara ya Maji inazo maabara za kupima ubora wa maji katika mikoa mbalimbali.

Bangladesh wenyewe walitufundisha njia. Waliopima visima, karibu milioni 5 katika miaka ya mwanzo ya karne hii, walipaka pampu rangi: nyekundu kwa kisima chenye arseniki nyingi, kijani kwa kisima salama. Mara nyingi kisima chekundu na cha kijani vilikuwa katika kijiji kimoja, umbali wa kutembea kwa mguu, kwa sababu mchanga wa chini hubadilika hatua chache tu. Wengine walichimbiwa visima virefu, zaidi ya mita 150, ambako maji kwa kawaida yana arseniki kidogo. Kazi haikwisha, na mpaka leo wako wanaokunywa maji ya pampu nyekundu kwa kukosa nyingine. Lakini aliyeelezwa ana nafasi ya kuchagua.

Siku ya kukabidhi kisima kwetu huwa ni ya furaha. Huja mgeni rasmi, ngoma hupigwa, utepe hukatwa, na mheshimiwa hunywa glasi ya kwanza huku akipigwa picha. Katikati ya shangwe hiyo, naomba mwananchi mmoja, awe mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, au mama aliyekuja na ndoo yake, anyooshe mkono na kuuliza maswali matatu. Maji haya yamepimwa? Yamepimwa kitu gani na kitu gani? Na karatasi ya majibu iko wapi, ili nasi tubaki na nakala? Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Kule Bangladesh yangeulizwa na kujibiwa mapema, viganja vingi visingeota sugu.

Ndugu wasikilizaji, muda wangu umekwisha. Mwenye kisima cha kutu aendelee kuyaacha maji yatuame kabla ya kufulia, ila ayapeleke pia yakapimwe. Tukijaaliwa tutakutana tena wiki ijayo, saa kama hii.